Ugonjwa nyemelezi na bei nyemelezi

Ndugu msomaji, wiki hii naomba nijisemee mwenyewe kabla sijawasemea wengine. Nina duka la dawa hapa Dar es Salaam, nimelikalia kwa zaidi ya miaka 20, na haya ninayoyaandika yananihusu mimi kabla hayajamhusu mtu mwingine yeyote.

Ilikuwa Septemba 2015. Tumekaa barazani baada ya swala ya Alasiri, kahawa inazunguka, mmoja wetu akatusomea habari kutoka Marekani. Kijana mmoja mwenye kampuni ya dawa, kwa jina Martin Shkreli, amenunua haki ya kuuza kidonge kiitwacho Daraprim, na mara tu baada ya kukinunua amepandisha bei yake kutoka dola 13.50 hadi dola 750. Si bei ya dozi, ni bei ya kidonge kimoja! Baraza likachafuka. Mimi, kwa kuwa ndiye muuza dawa, nilipaza sauti kuliko wote. Nikasema huyo si mfanyabiashara, huyo ni mnyang'anyi aliyevaa suti.

Mzee mmoja aliyekuwa kimya muda wote akakiweka kikombe chini, akaniuliza: "Mwanangu, na wewe dawa ikiadimika mjini, huwa unauza kwa bei ya jana?"

Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Lakini kahawa ile sikuimaliza.

Mwaka mmoja kabla ya siku hiyo, septrini iliadimika. Wenye wagonjwa wenye virusi vya UKIMWI wanaijua vizuri dawa hii. Ndiyo kotrimoksazoli, vidonge vyeupe ambavyo kliniki huwapa bure wavimeze kila siku wajikinge na maradhi. Dirisha la dawa likiishiwa, watu hukimbilia madukani kwetu. Mimi nilikuwa na katoni kadhaa stoo, nilizozinunua kwa bei ya zamani. Nikakipandisha kidonge kutoka shilingi 50 hadi shilingi 150. Sikumwibia mtu wala kughushi, na bei niliitaja wazi wazi.

Akaja mama mmoja na cheti cha daktari. Kijana wake amelazwa, kichwa kinamuuma, anadondoka kifafa, mkono wa kulia umelegea. Daktari ameandika septrini vidonge 4 asubuhi na 4 usiku, kwa wiki 6. Hesabu yake ni vidonge 336. Mama akaniambia, "Mwanangu, si juzi tu ilikuwa hamsini?" Nikamjibu, "Mama, dawa imeadimika." Akasimama kidogo, akafungua fundo la kanga, akanunua vya wiki moja, vidonge 56. Wiki iliyofuata akarudi, akanunua vingine 56. Wiki ya tatu hakuja. Tangu siku hiyo sijamuona tena.

Swali la mzee wa barazani lilinirudisha kwa mama huyu. Na nilipokwenda kusoma hicho kidonge cha Marekani kinatibu nini, nikakuta kinatibu ugonjwa ule ule uliofanana na wa kijana wake.

Ndugu msomaji, upo msemo wa kitabibu wa "magonjwa nyemelezi". Ni maradhi yanayosubiri kinga ya mwili ishuke ndipo yavamie. Mengine huletwa na bakteria, mengine na ukungu, na mengine na vimelea. Kimojawapo cha vimelea hivyo huitwa toksoplazma. Makazi yake hasa ni utumbo wa paka, na mayai yake hutoka na kinyesi cha paka yakaingia kwenye udongo. Binadamu hukipata kwa mboga isiyooshwa vizuri, mikono yenye udongo, au nyama isiyoiva. Mwenye afya njema akikipata mara nyingi hata hajui. Kinga ya mwili hukifungia ndani ya vifuko vidogo kwenye misuli na kwenye ubongo, lakini hakifi. Hukaa humo miaka na miaka kimya, kama mwizi aliyejificha darini.

Siku kinga ikianguka, mwizi hushuka. Kwa mwenye virusi vya UKIMWI hatari huwa kubwa pale chembe za CD4 zinaposhuka chini ya 100. Mgonjwa huumwa kichwa, hupata homa, huanguka kifafa, hupooza upande mmoja, na pengine huanza kusema maneno yasiyoeleweka. Hapa sisi Waislamu tujiulize kwa uaminifu: ni wagonjwa wangapi wa namna hii tuliwaambia wana majini, tukawasomea mwezi mzima, huku kimelea kinaendelea kuula ubongo? Kisomo kina mahali pake na dawa ina mahali pake, na dini yetu inatufundisha kutafuta tiba. Anayemzuilia mgonjwa hospitali kwa jina la kisomo hamtendei haki mgonjwa, wala hakitendei haki kisomo.

Jambo jingine, tuache kuuliza kinga ya mtu imeshukaje. Kinga hushushwa na virusi vya UKIMWI, lakini pia hushushwa na dawa za saratani, na dawa wanazomeza waliopandikizwa figo. Kimelea hakiulizi njia iliyotumika. Vipi sisi tunauliza?

Tiba ya maradhi haya inajulikana. Mgonjwa hupewa dawa iitwayo pirimetamini pamoja na dawa ya salfa, na juu yake asidi ya foliniki ya kuulinda uboho, kwa muda usiopungua wiki 6. Kisha huendelea na dozi ndogo mpaka dawa za kufubaza virusi ziipandishe kinga. Pasipopatikana pirimetamini, madaktari hutumia septrini kwa dozi kubwa, kama alivyoandikiwa kijana yule. Na hiyo septrini ya kila siku ya kinga si jambo dogo. Utafiti uliofanyika Zambia na kutangazwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba watoto wenye virusi vya UKIMWI waliopewa kotrimoksazoli walipungukiwa na vifo kwa asilimia 43. Dawa ya senti chache.

Na pirimetamini yenyewe ni ngeni? La hasha! Daraprim si kitu kingine ila pirimetamini miligramu 25. Na kiasi hicho hicho kimo ndani ya kila kidonge cha SP, ile tuliyozoea kuiita Fansidar. Aliyeugua malaria Tanzania kati ya mwaka 2001 na 2006 anavikumbuka vile vidonge 3 vya kumeza kwa mkupuo, na mama mjamzito hupewa SP kliniki hadi leo. (Natahadharisha: mtu asikimbilie kununua SP kumtibu mgonjwa wa ubongo. Dozi ni nyingine, dawa ya kufuatana nayo ni nyingine, na anayetumia septrini hachanganyi na SP. Hilo ni la daktari.) Ninachotaka kukuonyesha ni kwamba kitu kilichouzwa Marekani kwa dola 750 ni kitu ambacho sisi tumekimeza kwa bei ya soda.

Wala haikuwa dawa mpya kiasi cha kusema mwenyewe anarudisha gharama za uvumbuzi. Iligunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 katika maabara za Burroughs Wellcome huko Marekani, na miongoni mwa wagunduzi wake ni mwanamama Gertrude Elion. Alivutwa kwenye sayansi na kifo cha babu yake aliyeuawa na saratani akiwa yeye binti mdogo, na mwaka 1988 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na mwenzake George Hitchings. Hataza ya dawa ilikwisha muda wake zamani. Kampuni ya Shkreli haikuvumbua chochote. Mwaka 2015 ilinunua haki za kuiuza nchini Marekani kwa dola milioni 55, na ikainunua kwa kujua jambo moja: wanaoihitaji ni wachache, muuzaji ni mmoja, na mgonjwa hana pa kwenda. Kisha ikaubana mzunguko wake, dawa isipatikane madukani kwa njia ya kawaida, ili hata kampuni nyingine zilizotaka kutengeneza mfano wake zisipate vidonge vya kufanyia majaribio.

Kwa mgonjwa anayemeza vidonge 3 kwa siku, wiki 6 ni vidonge 126. Kwa bei ya kwanza ni dola 1,701. Kwa bei ya pili ni dola 94,500. Mwaka 2016 wanafunzi wa shule ya Sydney Grammar kule Australia waliitengeneza pirimetamini katika maabara ya shule. Walipata gramu 3.7 kwa gharama ya dola 20 hivi. Gramu hizo ukizigawa kwa miligramu 25 unapata vidonge 148, zaidi ya wiki 6 za mgonjwa wetu. Bila shaka dawa ya maabara ya shule haimezwi, lakini funzo limepatikana. Bei ile haikutokana na ugumu wa kuitengeneza dawa. Ilitokana na udhaifu wa mnunuzi.

Hapa ndipo penye swali langu. Muuzaji anamiliki mali yake. Anataja bei, mnunuzi anakubali, pesa zinatolewa. Dhulma iko wapi?

Wafanyabiashara tuna hoja, nami nilizitumia zote kujitetea usiku ule. Ya kwanza ni kwamba bei zilipopanda Madina, watu walimwomba Mtume (s.a.w.) awapangie bei, naye hakukubali. Hoja hii tunaipenda sana sisi wenye maduka. Lakini wanachuoni hawakuisoma kama tunavyoisoma sisi. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, alipoandika juu ya usimamizi wa soko alibainisha hali mbili. Kama bei imepanda kwa sababu bidhaa imepungua yenyewe au watu wameongezeka, kumlazimisha muuzaji ashushe ni kumdhulumu. Ama wauzaji wakiizuia bidhaa ambayo watu hawana budi nayo, wakataka bei kuliko thamani yake, hapo mwenye mamlaka anayo haki ya kuwalazimisha wauze kwa bei ya haki. Katoni zangu zilikuwa stoo, na bei niliyozinunulia haikuongezeka hata senti. Kilichoongezeka ni hofu ya watu.

Hoja ya pili ni ya kimadhehebu. Kuhodhi bidhaa ili bei ipande kumekemewa katika dini, lakini wengi katika wanachuoni wa Kishafi, na sisi watu wa pwani wengi wetu ni Mashafi, wameufunga uharamu huo kwenye chakula. Basi dawa si chakula! Nakiri nilipumua nilipolikumbuka hilo. Lakini pumzi haikufika mbali. Abu Yusuf, mwanafunzi wa Abu Hanifa, alilitanua: kila ambacho kukizuia kunawadhuru watu, kukizuia ndiko kuhodhi. Na hata aliyekifunga kwenye chakula, alikifunga kwa kuangalia nini? Kwa kuangalia madhara. Mwenye njaa anaweza kushinda siku mbili. Mwenye kimelea ubongoni, siku mbili kwake ni mkono, ni jicho, ni uhai. Mimi si mwanachuoni na sitoi fatwa. Nasema tu kwamba niliona aibu kuutafutia mfuko wangu nafasi katikati ya kauli mbili za maulamaa.

Hoja ya tatu ndiyo ngumu: mama yule alikubali. Hakuna aliyemshika mkono. Uislamu umeijenga biashara juu ya kuridhiana, naye alitoa pesa mwenyewe kwenye fundo la kanga.

Hili limenisumbua kuliko yote, na hapa ndipo nilipofikia. Kuridhia kuna maana pale tu mtu anapoweza kusema hapana. Anayeuziwa kanzu ghali huiacha akavaa ya zamani. Anayeuziwa sukari ghali hunywa chai ya chumvi, na wenye umri wangu tunakumbuka tulivyoishi katika uhaba wa miaka ya 1980, mpaka mwaka 1983 serikali ikawakamata walanguzi. Lakini mgonjwa ambaye kinga yake imekwisha hawezi kuahirisha. Mwili wetu sisi wazima unatupa muda wa kuzunguka maduka matano tukilinganisha bei. Muda huo ni kinga inayotupa, hata kama hatuijui. Yeye kinga hana, kwa hiyo muda hana, na asiye na muda hana uwezo wa kukataa. Ile "ndiyo" ya mama haikuwa ridhaa. Ilikuwa ni dharura iliyokosa pa kutokea. Wanachuoni waliizungumza zamani biashara na mtu aliyebanwa na dharura, wakahimiza asipandishiwe bei bali asaidiwe au auziwe kwa bei ya wenzake.

Sasa linganisha. Kimelea kinasubiri kinga ishuke, kisha kinavamia. Muuzaji anasubiri dawa ipungue na mgonjwa azidiwe, kisha anapandisha bei. Kama cha kwanza kinaitwa ugonjwa nyemelezi, cha pili tukiite nini? Tena kimelea kina udhuru, hakina akili. Mimi nina akili, na nilikuwa natoka msikitini.

Atasema msomaji: wewe ulipandisha mara 3, yule alipandisha zaidi ya mara 55, mbona unajilinganisha naye? Ni kweli tofauti ni kubwa, na madhara yake ni makubwa zaidi. Lakini nilipojichunguza sikuona kwamba nilisimama kwenye mara 3 kwa sababu ya ucha Mungu. Nilisimama hapo kwa sababu duka la jirani lilikuwa mita 100 tu. Laiti ningekuwa peke yangu mjini, wallahi sijui ningesimama wapi.

Tusije pia tukadhani sheria za dunia zitatufanyia kazi hii ya dhamiri. Shkreli alifungwa, ndiyo, lakini tazama alifungwa kwa nini. Mwaka 2017 alitiwa hatiani kwa kuwahadaa wawekezaji, jambo lisilohusiana na kidonge. Januari 2022 mahakama ya New York ilimpiga marufuku ya maisha kufanya biashara ya dawa na kumwamuru alipe dola milioni 64.6, na kosa lilikuwa kuwazuia washindani kuingia sokoni. Bei yenyewe, ile 750 mbele ya mtu anayekufa, haikuwa kosa. Kidonge cha mfano wake kiliidhinishwa nchini humo Februari 2020, yaani zaidi ya miaka 4 baadaye. Mgonjwa wa wiki 6 angeisubiri?

Alijitetea kwamba faida ingetumika kutafuta dawa bora zaidi, na kwamba bima ndiyo inayolipa. Lakini pesa ya bima ni michango ya watu, na kabla ya bima kulipa mgonjwa husubiri. Mwaka huo huo wa 2015 vyama vya madaktari wa maradhi ya kuambukiza vya Marekani vilimwandikia barua vikisema bei ile haiwezi kutetewa.

Sisemi muuza dawa asipate faida. Kodi ya pango ipo, umeme upo, na dawa zinaoza. Hata dawa ikiuzwa kwa bei isiyorudisha gharama, kiwanda kitaacha kuitengeneza, na hapo maskini ndiye wa kwanza kuikosa. Faida ya haki ni sehemu ya kuihifadhi dawa. Ninachosema ni kwamba faida ina mpaka, na mpaka wake ni pale unapoanza kuhesabu udhaifu wa mnunuzi kuwa sehemu ya mtaji wako.

Lipo la kufanya. Mwaka 1284 Sultani Qalawun alijenga Cairo hospitali ya Mansuri, ikaendeshwa kwa wakfu, na tajiri na maskini wakatibiwa humo bila malipo. Sisi hatuwezi Mansuri. Lakini msikiti wenye wakfu wa vyumba vya kupangisha hauwezi kuweka kwa mfamasia mwaminifu akiba ya katoni chache za septrini, ziuzwe kwa bei ya kawaida siku dirisha la hospitali linapokuwa tupu? Na sisi wenye maduka hatuwezi kukubaliana jambo moja tu, kwamba dawa za magonjwa nyemelezi bei yake ya siku ya uhaba ni ile ile ya jana?

Dukani kwangu ndivyo ilivyo tangu mwaka ule wa 2015. Ama zile pesa za mama, nilizihesabu. Vidonge 112, shilingi 100 za ziada kwa kila kimoja, jumla shilingi 11,200. Nilimuulizia mtaani, nikamuulizia hospitali, sikumpata. Sheikh wetu akaniambia kama mwenyewe hapatikani, nizitoe kwa niaba yake, wala nisizihesabu kuwa ni sadaka yangu. Nikazitoa. Ni pesa ndogo, haifiki hata bei ya kuku wawili. Lakini vidonge 224 vilivyobaki kwenye cheti chake sijui alivipata wapi, au kama alivipata.

Kama mama huyo anasoma haya, au kijana wake yu hai anasoma, duka langu bado lipo pale pale. Naomba wanisamehe.